Hodi Kwenye Theluji ya Walthamstow

Mama mdogo alihamia kwetu Walthamstow, huku kwa Waingereza, akitokea Kanada, na skii zake ndefu, zile mbao mbili nyembamba za kutelezea kwenye theluji. Zikakosa pa kukaa ila koridoni, na kila aliyetoka chooni zilimgonga. Mimi nilizipenda. Nikizipita na kikapu cha nguo chafu, kichwani nilikuwa nateleza kwenye msitu mweupe.

Lakini mwenyewe hakutulia. Alisema kule njia za skii ni kama baraza: mnakutana, mnasalimiana, mnagawana chai ya chupa hata kama hamjuani. Huku alisalimia watu kituo cha basi, wakainamia simu zao. Mwisho akaanza kuulizia nauli ya kurudi. Mimi niliyekwisha kuzoea kuamshwa na harufu ya maandazi yake, roho ikaninyong'onyea.

Ndipo theluji ikaanguka, ya kutosha kufunika majani. Kabla sijapiga mswaki alikuwa keshavaa. Tukaenda uwandani kando ya mto, yeye mbele akichora njia, mistari miwili kama reli, mimi pembeni na mabuti ya mvua. Sheria ilikuwa moja: nisikanyage mistari.

Akanieleza kwamba ukitaka kumpita mtu, unamwita kwa nyuma, naye anakupisha. Yeye kule alikuwa anapiga hodi. Wenzake wote walizoea, Wakanada watupu, wakisikia hodi wanaruka pembeni.

Raundi ya pili, pale panapoteremka, tukamkuta mzee wa Kihindi mwenye kofia ya sufu anatembea katikati ya mistari yetu, mikono nyuma. Mama mdogo akapaza sauti, "Hodi! Hodi jamani!"

Mzee akasimama. Akageuka, uso umemchanua, akafungua mikono.

"Karibu, mama. Karibu sana."

Hakusogea hata kidogo. Anasogeaje mtu aliyepigiwa hodi? Nikaona fimbo moja ya kutelezea ya mama mdogo inaruka hewani, kisha wote wawili wamekaa chini na skii moja inaelekea mtoni peke yake. Nikakimbia, mistari nikaivuruga yote, nikijua nakwenda kuokota mifupa. Nikawakuta wanaulizana habari za Tanga.

Mzee alizaliwa huko. Nyumbani, alisema, watoto wake wanamwelewa vizuri ila wanamjibu Kiingereza, kwa hiyo kila asubuhi anakuja hapa kutembea na kujisemea mwenyewe.

"Kesho nitaleta chai," akasema, akijipangusa theluji. "Ila ukinipigia hodi, nitasimama tena."

"Basi nitajifunza kufunga breki, mzee wangu."

Usiku theluji ikayeyuka yote. Asubuhi nikamkuta mama mdogo koridoni amevaa koti, maandazi yako kwenye mfuko. Alizitazama skii, pamoja na ile tuliyoiokota kando ya mto, akaniambia nitafute misumari tuzitundike ukutani, amechoka kuona zinagonga watu.

Nikatoka mbio kuazima nyundo kwa jirani, kabla hajabadili mawazo.