Sheria ya Meli

Tupokigwe anauza tiketi za ndege, na siku hizi za meli pia, ingawa chombo pekee cha majini alichowahi kupanda yeye mwenyewe ni pantoni ya Kigamboni. Sisemi hivi kwa kumsengenya. Huwaambia wateja mwenyewe, tena akicheka. Tunapanga chumba kimoja cha mbele hapa Temeke, njia ya kwendea sokoni Tandika. Upande wake kuna meza, kompyuta na picha kubwa ya Kaaba. Upande wangu, mimi Editha, kuna mashine ya fotokopi na kiti cha kupigia picha za pasipoti. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani wa kanisani kila Jumapili, lakini wateja wake wengi ni watu wa Umra, na anasema mteja lazima aone anakokwenda.

Hiyo Umra ndiyo iliyomlea kikazi. Kwa miaka mingi amekuwa akiwapangia watu vyumba kwa mtindo mmoja: wanawake huku, wanaume kule, hata kama ni mtu na mkewe waliotoka nyumba moja. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa kuwa wamekwenda kuabudu na kulala wengi chumba kimoja kunapunguza gharama. Mkono wake ukazoea. Ukimpa majina ya familia, hajamaliza hata kuyasoma ameshawagawa. Ndivyo alivyowagawa kina Mzee Masoud.

Mzee Masoud ana duka la vyombo pale Tandika alilorithi kwa baba yake: sufuria, mabirika, chupa za chai, masinia ya pilau. Ni Waarabu wa hapa hapa, hata babu yake alizaliwa Temeke. Mkewe anaitwa Jokha, na wana mabinti wawili, Khulud wa kidato cha nne na Maisa wa kidato cha pili. Habari ya meli aliileta kaka yake Masoud anayeishi Muscat. Alisema anawalipia wote wanne wiki nzima kwenye meli ya kitalii inayoanzia Dubai, zile zenye ghorofa kama hoteli. Akasema pia, bila kuzunguka, kwamba zawadi hiyo ni ya Jokha.

Mtaa mzima ulijua kwa nini. Mama yake Masoud alipooza upande mmoja, na Jokha akahamia chumbani kwa mkwewe kumuuguza. Alimgeuza, akambadilisha, akamlisha uji kwa kijiko, na kulala akalala humo humo, kwenye godoro la chini, miaka kwa miaka, mpaka bibi alipofariki. Arobaini ilipopita watu walidhani atarudi chumbani kwake. Hakurudi. Haukuwa ugomvi. Masoud alishazoea kulala peke yake na redio yake, Jokha akajisogeza kwa mabinti zake, na kila mmoja akasubiri mwenziwe aanze kusema. Haya niliyapata kwa Khulud siku nampiga picha ya pasipoti, na wala sikumchokonoa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia wanyooshe shingo wanakupa na habari.

Basi Tupokigwe akapanga chumba cha watu watatu, mama na mabinti zake, na kingine cha mtu mmoja, baba. Wazazi walikuja ofisini kuangalia.

"Hapo umenifurahisha," alisema Mzee Masoud. "Wanangu wawe na mama yao. Meli ina watu wa kila aina ile."

"Na wewe Mama Khulud, unasemaje?" aliuliza Tupokigwe.

"Sawa tu," alisema Jokha.

Hiyo sawa tu ilinikera. Nilikuwa nakata picha, nikainua macho nikaiona sura yake. Mtu aliyepewa zawadi haonekani vile, na mimi sipendi kumwona mtu anameza kitu kinachomkwama.

Kesho yake akarudi peke yake, na bakuli la kaimati limefunikwa sahani. Mtu wa pwani akikuletea kaimati mchana kweupe na si mwezi wa Ramadhani, ujue ana jambo. Akatusalimu, akakaa, akawaulizia watoto wa Tupokigwe mmoja mmoja, akalaumu joto, akalaumu umeme.

"Hivi Tupo," alisema mwishowe, "hiyo meli haina vyumba vya watu wawili?"

"Vipo dada, vingi tu."

"Vya watu gani?"

"Vya mtu na mumewe. Au mtu na rafiki yake."

"Ahaa." Akatengeneza mtandio wake, ambao ulikuwa umekaa vizuri tangu alipoingia. "Na wenye watoto wakubwa wanafanyaje?"

"Wengine watoto wanawapa chumba chao. Lakini nyie si nimeshawapanga? Utalala na mabinti zako, huna shida."

Nikaweka mkasi chini. Kuna watu wanajua viwanja vya ndege vya dunia nzima, lakini mwanamke mwenzao akikaa mbele yao hawamwoni.

"Tupo," nilisema, "mama anakwambia kitu."

"Mie sijasema kitu," Jokha alidakia.

"Mficha uchi hazai, Mama Khulud."

Akainama, akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. "Nimelala chini miaka," alisema. "Sijuti, alikuwa mama yangu yule. Lakini sasa napelekwa baharini nikalale tena na watoto, na mwenyewe nimeona imempendeza. Nikisema nataka chumba na yeye, shemeji ndiye aliyelipa, watoto wanasikia, nitaonekana mwanamke wa namna gani? Na tukienda tukirudi hivi hivi, Editha, basi ndiyo imekwisha. Tutazeeka kila mtu na chumba chake."

Tupokigwe alikuwa ameshika kaimati mkononi, asiile wala asiirudishe. "Nisamehe dada," alisema. "Nimewapanga kama watu wa Umra. Nitabadilisha."

"Masoud asijue kama nimekuja hapa."

"Hatajua."

Tupokigwe na mumewe Gibson wamejenga Chanika, na wamehamia kabla nyumba haijaisha. Chumba chenye madirisha ni kimoja tu. Wanalala humo wote, watoto upande wa pili wa pazia la kitenge, na Gibson kila akipata chochote anasema kwanza geti. Tupokigwe aliniambia kwamba jioni ile alikaa kitandani akaliangalia lile pazia mpaka chakula kikaungua.

"Kwetu zamani mtoto wa kiume akikua alikuwa anatoka, analala na wenzake mbali na nyumba ya baba," alisema. "Bibi yangu alikuwa akisema usiku wa wazazi ni wa wazazi. Sie tumekuja mjini tumebanana, hata tumesahau."

Akamwita Mzee Masoud ofisini. Nilidhani atazunguka kidogo, lakini aliongea huku macho yakiwa kwenye kompyuta, kama anayesoma.

"Baba Khulud, kuna sheria ya meli nilikuwa sijaiona. Mke na mume wanatakiwa wawe chumba kimoja."

Niliwasha mashine ya fotokopi, ingawa hapakuwa na cha kutoa kopi, ili nisisikike nikicheka.

"Sheria gani hiyo?" aliuliza Mzee Masoud.

"Ndivyo walivyo, baba. Mambo ya usalama."

"Na wanangu?"

"Wanawekwa chumba cha pembeni. Na kwa kuwa hawajafika miaka kumi na nane, lazima kiwe na mlango wa kati, unaofunguka ndani kwa ndani bila kupita koridoni." Hili la mwisho lilikuwa kweli.

Mzee Masoud aliangalia viganja vyake. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu, na hapo nikamhurumia, maana nilikuwa nimeshamhesabu kuwa ndiye mkosaji.

"Sheria ni sheria," alisema. "Huo mlango wa kati basi, vyumba vyake vipo?"

Ndipo Tupokigwe alipotazama. Alikuwa hajatazama kabla. Vilikuwa vimeisha vyote.

"Kama havipo tusilazimishe," alisema Mzee Masoud akisimama. "Siwezi kuwaweka wasichana mbali na sisi. Nitamwambia kaka tuahirishe."

Alipotoka nilimgeukia Tupokigwe, na sikumwonea haya. Njia ya mwongo fupi, nilimwambia, lakini yako wewe haikufika hata mlangoni. Akirudi kwenye mpango wa mwanzo, Masoud atauliza sheria imekwenda wapi. Akishikilia sheria yake, safari inakufa, na Jokha atajua ameiua yeye kwa kaimati zake. Tupokigwe hakubishana. Alianza kumpigia wakala wa Dubai, na alimpigia mpaka yule bwana akawa anapokea kwa kusema hakuna bado, hata kabla ya salamu.

Siku zile Jokha alikuwa anakuja kutoa kopi ya kitambulisho chake. Alitoa kopi jana, akatoa leo, na kesho akaja tena. Haulizi kitu. Anasimama, anaangalia mgongo wa Tupokigwe, anachukua karatasi yake anaondoka. Nadhani nyumbani kwake zile kopi zilitosha kufungia karanga za mtaa mzima.

Ijumaa moja, watu wanaanza kwenda msikitini, Tupokigwe akapiga meza kwa kiganja. Kuna familia imejitoa. Vyumba viwili pembeni pembeni, mlango katikati, komeo upande wa wazazi. Akavichukua hapo hapo, kisha akavua viatu, akaegemea kiti, akafumba macho. "Editha," alisema, "leo nitalala."

Jokha alipoingia na kitambulisho chake nilikipokea nikakiweka chini. "Leo kopi hatutoi, Mama Khulud. Chumba kimepatikana."

Alikaa kwenye kiti changu cha picha, mbele ya kitambaa cha bluu, na mabega yake yakashuka yote mawili. "Alhamdulillahi," alisema, taratibu, akairudia tena na tena. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilifurahi kwa ajili ya mtu mwingine kiasi kile. Nilitaka nimpige picha vile alivyo.

Wakasafiri. Wakiwa huko, Tupokigwe alimwambia Gibson kwamba geti litasubiri, mwizi wa Chanika hana cha kuiba kwao zaidi ya lile pazia. Gibson akaleta fundi Stephano, wakainua ukuta penye pazia, wakatia mlango. Watoto wakahamia upande wao wakigombania nani alale karibu na dirisha, na Tupokigwe akaja kazini siku iliyofuata amechelewa, wala hakueleza sababu.

Mzee Masoud alikuja ofisini wiki waliyorudi, peke yake, na boksi la tende.

"Shikamoo Baba Khulud."

"Marahaba. Hamjambo?" Akaweka tende mezani, akakaa. "Ile sheria ya mke na mume," alisema, "ni ya meli zote?"

"Zote, baba," alisema Tupokigwe.

"Siku ya kwanza nilikwenda mapokezi. Nilitaka kuuliza kama naweza kupata chumba changu, mie nimezoea redio yangu. Yule kijana akaniambia sheria hiyo hawaijui. Akasema chumba kipo, nikitaka ananipa ufunguo sasa hivi."

Tupokigwe alikuwa anaangalia kompyuta, na kompyuta ilikuwa imezimwa. Ikabidi niulize mimi.

"Ukauchukua?"

"Nilirudi kwanza nikamwambie Jokha. Nikamkuta ameshatandika kitanda. Upande wangu kaweka mto wangu, ule wa pamba wa nyumbani, maana mito mingine inaniuma shingo. Kaubeba kutoka hapa Temeke mpaka Dubai, hajaniambia." Akafuta kitu mezani ambacho mimi sikukiona. "Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikwenda kuuliza ile sheria, nao wamesema sheria ni sheria."

Akainuka, akavaa kofia yake vizuri, akatuaga. Alipofika mlangoni akageuka.

"Jokha asijue kama nimekuja hapa."

"Hatajua, baba," tulisema wote wawili.