Kamba ya Kasiva Chini ya Kuba

Kasiva Mutie hutembea na kamba ya katani shingoni. Tepu ya kupimia anayo, tena nzuri, ila huitumia kwenye kuta zilizonyooka tu. Kitu kikipinda, anatoa kamba. Ni fundi wa taili kutoka mtaa wa Mowlem, mama wa watoto wawili, na katika miaka yangu sitini na saba sijaona mtu mwenye mkono uliotulia kama wake. Taili huivunja ndani ya gunia kwa pigo moja la nyundo, halafu anasimama kidogo, kama anayeuliza iwapo pigo la pili linahitajika. Mara nyingi halihitajiki. Akiwa kazini haongei. Ukimwongelesha leo, huenda akakujibu kesho.

Mimi ni Gachanja. Nilifundisha hesabu katika shule za upili kwa miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu nikahamia Njiru, na kanisa likanifanya katibu wa kamati ya ujenzi. Nayasema haya mapema ili mjue nilivyokuwa nimejaa maringo siku tuliyobishana.

Kanisa letu la zamani lilikuwa Mowlem. Tulipohama, akina mama walizibandua taili za bluu zilizokuwa nyuma ya madhabahu, moja moja, kwa patasi na subira, maana kila familia iliyoanzisha kanisa ilikuwa imeweka zake pale. Rangi ile haitengenezwi tena. Tulizunguka maduka hadi miguu ikavimba. Kanisa jipya lina kuba, na wazee wakataka taili zile zivunjwe vipande na kuipamba kuba kwa ndani. Tulizipima zote, zikawa mita thelathini na nne za mraba. Mwenyekiti wetu, Ng'ang'a, mtu wa haraka zake, akasema kama hazitafunika kuba nzima, basi kuba ipakwe rangi, na taili ziende kwenye ukuta wa jikoni. Hataki kuba yenye upara.

“Taili yangu iende jikoni?” akauliza Cucu Wacuka, nyanya yetu sote kanisani, mwenye miaka themanini na miwili. “Niliiweka pale na marehemu mzee wangu. Sasa ikarukiwe na mafuta ya sufuria?”

Hapo ndipo nilipoombwa nipime. Nikapanda jukwaa la mbao, nikashika tepu katikati ya kuba pale juu kabisa, nikailaza ikifuata mpindo hadi ukingoni. Mita tatu na sentimita thelathini na nne. Nikaifanya nusukipenyo, nikapiga hesabu ya duara, nikapata mita thelathini na tano za mraba. Tulikuwa tumepungukiwa na mita moja. Nikaitangazia kamati, na Cucu Wacuka akainamisha kichwa.

Kasiva naye akapanda. Akaniomba nishike ncha moja ya kamba pale juu, akaivuta ile nyingine hadi ukingoni. Kamba ikapita hewani, imenyooka, bila kugusa kuba popote. Ilikuwa mita tatu na robo.

“Zinatosha,” akasema. “Na zitabaki kidogo.”

“Kasiva, hiyo kamba imekata njia. Taili zitakaa kwenye kuba, hazitakaa hewani.”

“Najua, Mwalimu. Lakini hii kamba hainidanganyangi.”

“Basi tuonyeshe ni kwa nini.”

Alinitazama, akaanza kuikunja kamba. “Nipatieni kazi tu. Zikiisha kabla nifike juu, nitabandua zote mwenyewe, na msiniite fundi tena.”

Kamati ikaahirisha uamuzi hadi Jumamosi. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mtu anaombwa sababu, anatoa kiapo!

Alhamisi alasiri nikakaa mezani na kalamu. Nitasema ukweli: nilitaka kumwaibisha. Kuba yetu si nusu ya mpira. Ni kama kipande cha juu kilichokatwa kwenye mpira mkubwa zaidi. Kanuni ya eneo la kipande kama hicho naijua tangu ujana: mbili mara pai, mara nusukipenyo cha mpira mzima, mara kimo cha kipande. Ukingo wa kuba uko mita tatu kutoka katikati, na kimo chake ni mita moja na robo. Nikatafuta nusukipenyo cha mpira mzima, nikazidisha, nikapata mita thelathini na tatu na kidogo. Kisha nikachukua kamba ya Kasiva, mita tatu na robo, nikaizidisha kwa yenyewe, halafu kwa pai. Thelathini na tatu na kidogo.

Nikadhani ni bahati. Nikaandika upya kwa herufi tupu, bila tarakimu hata moja, na jibu likawa lile lile. Kipande cha mpira kiwe kifupi au kirefu, eneo lake ni sawa na la duara ambalo nusukipenyo chake ni kamba iliyonyooka kutoka utosini hadi ukingoni. Kosa langu nikaliona. Ukilaza chapati juu ya bakuli lililopinduliwa, ukingo wa chapati hujikunja. Duara langu lilikuwa na mikunjo hiyo, nami niliihesabu yote kuwa kuba. Niliona aibu, halafu nikafurahi hadi nikacheka peke yangu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa zuri mno.

Jumamosi Ng'ang'a alikuja na karatasi ya kuchagulia rangi. Nikasimama kabla hajaifungua.

“Nilikosea,” nikasema. “Kamba ya Kasiva ndiyo sahihi.”

“Lakini Mwalimu, si ni wewe ulituambia hazitoshi?”

“Ni mimi. Na sasa nawaambia zinatosha. Mpeni kazi.”

Cucu Wacuka akapiga makofi peke yake.

Kasiva alifanya kazi wiki tatu, akianzia ukingoni kuelekea juu. Wiki ya mwisho katoni za taili zilikuwa zimebaki mbili, na hata mimi niliyekuwa na hesabu mkononi nilikosa raha. Alipobandika kipande cha mwisho pale utosini, vilibaki vipande vya kujaza nusu karai. Tulikaa chini ya jukwaa tukinywa chai, shingo zikituuma kwa kutazama juu.

“Ulijuaje?” nikamwuliza.

“Baba alikuwa anachonga bakuli za mbao. Nikiwa msichana nilipaka bakuli uji ndani, nikabandika punje za ndengu moja moja mpaka likajaa. Nikazitoa, nikazipanga chini zikiwa zimeshikana, duara. Kutoka katikati ya hilo duara hadi ukingoni, na kamba iliyonyooka kutoka kitako cha bakuli hadi mdomoni, sawa sawa. Nilijaribu na bakuli kumi na tatu.”

“Sasa mbona hukusema? Ungezileta ndengu mbele ya kamati, tungemaliza siku ile ile!”

Akanywa chai kwanza. “Nilishawahi kuzileta, Mwalimu. Nikiwa kidato cha pili. Nilibeba bakuli na ndengu mpaka darasani. Ukaniambia nirudishe chakula nyumbani, hesabu haipikwi. Darasa lote likacheka.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Nilimwomba msamaha. Akasema ni sawa, ni kitambo, akainuka kwenda kuosha mwiko wake wa saruji. Miaka hii yote nimejisifu kwa watu kwamba sijawahi kumsahau mwanafunzi mwenye kipaji, na huyu sikumkumbuka hata sura.