Mama Yupo, Anatazama

Mtaani walimwita Fundi Picha, na jina lilimkaa. Ukiwa na harusi au msiba na ndugu zako wako mbali, kimbilio lilikuwa yeye. Mtambo mkubwa wa kurushia matangazo hakuwa nao, ila akili alikuwa nayo: picha ilitoka kwenye kamera yake ikaingia kwenye kivinjari cha intaneti katika kompyuta ya mtazamaji wa kwanza, na papo hapo kivinjari hicho kikawapasia wengine, nao wakawapasia wenzao. Kidole kimoja hakivunji chawa, aliwaambia wateja.

Harusi ya dada yake mdogo ilipofika, aliyewekwa mwanzo wa mnyororo alikuwa mama yao. Miguu ilishamgomea, ukumbini asingefika, lakini mtandao wa nyumbani kwake ulikuwa na nguvu kuushinda wa ukoo mzima. Kwenye skrini ya Fundi ukoo huo ulionekana kwa alama za kijani zenye majina. Mjomba, shangazi na binamu kumi na watatu, wote waliipata picha kupitia kwa Mama.

Saa sita mchana bibi harusi alimjia, gauni kalishika mkononi.

“Kaka, Mama hapokei simu. Nimepiga mara tatu.”

“Simu kaiacha chumbani huyo. Humjui mama yako?”

“Tumtume basi mtu akamwone.”

Fundi akaitazama skrini. Alama ya Mama ilikuwa kijani, imetulia tuli.

“Mama yupo, anatazama. Asingekuwepo, Mjomba saa hizi angekuwa gizani anatutukana. Hebu nenda kacheze, usituharibie siku!”

Bibi harusi akacheka, akaenda kucheza.

Kivinjari hakijui kama kuna mtu mbele yake. Fundi alilijua hilo kuliko yeyote pale, na mazoea yakamponza.

Jioni kaka yao mkubwa alipita kwa Mama, akabisha bila kuitikiwa, akauvunja mlango. Mama alikuwa sakafuni kando ya kiti, ameshapoa. Kompyuta ilikuwa ikiendelea kuwagawia watu ngoma, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Daktari alikadiria kwamba alianguka asubuhi na kukata roho alasiri. Angefikishwa hospitali mchana ule, pengine angepona.

Kazi Fundi hajaiacha. Siku hizi humpigia simu kila mtazamaji, hata katikati ya sherehe, mpaka wateja wanamwona msumbufu. Jina la Mama hajalifuta. Limebaki kijivu, na kila akiwasha mitambo huogopa kulitazama, asije akalikuta limewaka.

Dada yake hajawahi kumlaumu. Aliuliza mara moja tu, wiki chache baada ya mazishi.

“Kaka, ile maikrofoni uliyokuwa unawasalimia nayo watazamaji. Tulipokuwa tunaongea habari za Mama, ilikuwa imewashwa?”

“Ilikuwa imezimwa,” akajibu.

Aliiwasha mwenyewe asubuhi, na hadi sherehe inakwisha hakuigusa.