Pumu ya Miezi Sita

Daktari wa kwanza aliniuliza nimewahi kuishi wapi. Niliacha shule darasa la sita na tangu hapo sijatulia, kwa hiyo nilimtajia miji saba: nilikoosha vyombo, nilikopaka rangi nyumba za watu, nilikolala tu. Akaandika mmoja, Unguja. Kisha akatazama picha ya kifua changu, tezi zimevimba pande zote mbili, akasema yaelekea ni kifua kikuu. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini kwa mtu wa kwetu, alisema kwa upole, ni bora kuanza dawa kuliko kungoja.

Nilikuwa nakaa kwa dada yangu, Kilburn, huku ughaibuni, ghorofa ya tatu. Dada huhudumia wazee majumbani mwao, na kuipoteza kazi hiyo kulimtisha kuliko kikohozi changu. Siku ile ile alinitengea sahani, kikombe, kijiko na saa yangu ya kula. Yeye, mumewe na watoto walikaa mkekani kwenye sinia moja kama kawaida; mimi nilikula jikoni nimesimama, kama mpishi wa harusi. Nesi akaja kuwapima, wote wazima. Akaeleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa vyombo. Dada alimshukuru sana, akamtilia chai, na alipoondoka akakiosha kikombe changu peke yake.

"Wakija watu," aliniambia, "weye una pumu. Umesikia?"

Watu wakaja, kama wajavyo kwa mgonjwa, na habasoda, na asali, na mashauri. Mzee mmoja wa Kipemba alibaki nami wenzake walipohamia chumba cha pili. Akaniinamia.

"Mwanangu, pumu yako hii, wamekwambia umeze dawa miezi sita?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mkojo umekuwa rangi ya machungwa?"

Nikautazama mlango wa chumba cha pili.

"Basi ndiyo yenyewe. Niliugua mimi, akaugua mke wangu. Na yule aliyekuletea asali, muulize!"

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikajisogeza nyuma.

Tatizo ni kwamba wao walipona. Mimi, mwezi wa tatu, nilikuwa nikipumzika kila ghorofa. Nikaanza kumiminia maswali daktari wa pili, mwanamke kijana: kama dawa ni hizi na ugonjwa ni huu, mbona haviafikiani? Ama aliyapenda maswali yangu, ama yalimchosha. Alinipitishia mpira mwembamba mpaka mapafuni, akakata vipande vidogo vya nyama vikapimwe.

Majibu yakaja: sarkoidosi. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ilikuwa inajenga vinundu mapafuni, hakuna ajuaye kwa nini, na haiambukizi.

"Una hakika?" nikamuuliza.

"Karibu niwe nayo," akasema. Dawa yake hupunguza kinga. Kama amekosea, na kifua kikuu kimejificha humo, tutakuwa tumekifungulia mlango. Nilimpenda kwa kusema hivyo, ingawa mapafu yalikuwa yangu.

Nikaenda nyumbani na habari njema.

"Ugonjwa gani huo usio na jina la Kiswahili?" dada akauliza.

"Hauambukizi, dada."

"Ndivyo wasemavyo wote wenye pumu."

Nikampa barua ya hospitali. Aliisoma mara mbili, miwani puani. "Hapa wameandika yaelekea. Na ule wa kwanza nao si walisema yaelekea?"

Nikaikunja barua. Nikala jikoni, nikameza dawa mpya, nikasubiri kujua ni nani kati yetu aliye sahihi.

Wiki ya tatu nilipanda ngazi zote bila kusimama. Nilipofungua mlango walikuwa wanakula. Dada aliacha tonge hewani, akatega sikio, akingoja nikohoe. Sikukohoa. Akangoja tena. Halafu akawaambia watoto wasogee.

"Kaa hapo," akasema. "Lakini uelekee dirishani."