Msalaba Mbele ya Jina la Kagabo

Picha ilifika kwenye simu ya Yudita saa ya chakula, akiwa amekaa kwenye chumba cha mapumziko cha ghala, kule South End ya Louisville, Marekani, na bakuli la maharagwe mbele yake. Ilikuwa picha ya bango. Juu waliandika RADI YA UVIRA, MASHUJAA WETU, na chini yake majina kumi na moja ya wachezaji wa zamani wa timu hiyo ya mpira, kila jina na namba ya jezi. Majina matano yalikuwa na msalaba mdogo mbele. Jina la nne lilikuwa Kagabo, namba kumi na moja, na lilikuwa na msalaba.

Yudita aliuangalia msalaba ule kama mtu anayeangalia bei ya kitu asichotaka kununua. Akamaliza maharagwe. Akaosha bakuli. Akarudi kwenye mstari kuskani maboksi, na siku ile hakukosea hata boksi moja. Watu husema msiba humwangusha mtu. Labda ule unaobisha hodi. Wake haukupita mlangoni, kwa hiyo hakujua aukalishe wapi.

Kagabo alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mwaka wa tisini na nane, vita vilipoingia Uvira, mashariki ya Kongo, kijana alikimbilia milimani pamoja na wachezaji wenzake, mama na mabinti wakavuka mpaka kwenda Burundi. Tangu siku hiyo hakuna aliyewaambia kwamba amekufa, na hakuna aliyewaambia kwamba yu hai. Miaka kumi na saba. Mama yao, Ingabire, alitoa neno moja tu: "Aliyemwona kwa macho yake aje aniambie. Wengine wote wafunge midomo." Basi hawakumlilia, hawakukaa kilio. Kanisani, kule Columbus alikokuwa akiishi sasa, mama alimtaja mwanawe kwenye maombi ya walio safarini.

Na kwao habari ya kifo ina adabu yake. Haipigwi simu, haitumwi. Hupelekwa asubuhi na mwanaume mzima aliyeona, na mwenye kuipokea awe ameketi, awe ametia kitu tumboni. Sasa waangalie hawa wapenzi wa mpira! Wameitangaza kwenye WhatsApp, katikati ya tangazo la jezi na video ya mbuzi anayecheka, na watu wakaigongea dole gumba.

Jioni Leya, mdogo wake aliyeishi na mama, alipiga simu.

"Yaya, dada yangu, umeona?"

"Nimeona."

"Nani amewaambia?"

"Si ndiyo nataka kujua."

"Mama hajaona. Lakini wamama wa kanisa wako na simu, na hawana breki. Jumapili watamkumbatia."

"Jumapili mwambie ana homa, abaki nyumbani."

"Atasema hana homa."

"Basi wewe uwe nayo. Mtu mzima hata homa hujui kuugua?"

Akakata, akampigia Birindwa, mwenye bango. Birindwa aliishi Buffalo, na kila mwisho wa kiangazi aliwakusanya wapenzi wa Radi kwa mechi ya wazee, nyama choma na ubishi.

"Mama Umutesi, tafazali, mi nilifikiri munajua," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Ulishawahi kuja kwetu kwenye kilio chake?"

"Apana."

"Ulishawahi kusikia kwamba tulikaa kilio?"

"Apana, Mama."

"Basi ulifikiri na nini?"

Birindwa akakohoa. Donc, akasema, orodha aliipata kwa Gasore, golikipa. Gasore ndiye aliyemwambia nani yuko hai na nani hayuko. Bango limeshachapishwa kwenye kitambaa, halifutiki. Yudita akampigia Gasore mara nne. Simu ililia tu. Ndipo akaamua kwenda mwenyewe. Alichotaka ni kitu kimoja: mtu amwambie kwa mdomo, niliona, au sikuona, kabla mama yake hajaambiwa na vidole vya watu.

Jumamosi alfajiri alipanda gari la Polycarpe, shabiki mkubwa wa Radi hapo Louisville. Mtu huyo hajawahi kupiga mpira hata wa kitambaa, lakini ukimsikiliza utadhani alifunga nusu ya magoli. Toka Louisville mpaka Columbus hakunyamaza.

"Ule mdogo wako alikuwaka na adabu, Mama Umutesi. Anakupita, halafu anageuka kukupa pole. Beki anabaki anajiuliza, nimeibiwa ao nimesalimiwa? Marehemu alikuwa..."

Akajiuma ulimi. Mkono ukahama kwenye usukani, ukarudi.

"Endesha," Yudita akasema.

Columbus walisimama kwa mama, kwenye nyumba za kupanga karibu na Morse Road. Ingabire aliwapa chai ya maziwa, akamwangalia binti yake toka kichwani mpaka viatuni.

"Unaenda Buffalo kuangalia wazee wakivunjika magoti?"

"Ndiyo, Mama."

"Hujawahi kupenda mpira."

"Watu hubadilika."

"Si wewe," mama akasema, akaongeza maziwa kwenye kikombe chake. Leya alisimama nyuma yake na kitambaa kimefungwa kichwani, tayari anaugua.

Walifika Buffalo mchana. Bango lilikuwa limefungwa kwenye uzio wa uwanja, upepo ukilichezesha. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, jezi zimewabana matumbo, na ubishi ulikuwa umeshapamba moto. Walikuwa wamefika kwenye kona ya Mutware, namba kumi, ile iliyoingia golini moja kwa moja.

"Ilikuwa upepo wa ziwa," akasema mmoja.

"Upepo!" Birindwa akaruka. "Bon, upepo ndiyo ulivaa jezi namba kumi? Upepo ndiyo tulibeba mabegani mpaka sokoni?"

"Mutware mwenyewe alikiri. Alikuwa anamtafuta Kagabo kichwani."

"Mutware siku hizi yuko Australia, tusimsikilize. Watoto wake wanacheza ule mpira wa kule, mpira kama yai, wanabeba na mikono, na goli iko na nguzo nne."

"Nne! Mutware alikosa katikati ya mbili, nne atazitafuta wapi?"

Wakacheka mpaka kiti cha mtu kikakunjika naye akiwa juu. Kisha wakamwona Yudita, na kicheko kikafa kimoja kimoja. Wakamtafutia kiti. Wakampa mshikaki. Halafu, kwa kuwa hawakujua la kusema, wakasema walichokijua: Kagabo alivyomchezesha beki wa Kalemie mpaka akaomba kutolewa. Kagabo alivyofunga kwa goti. Kagabo aliyekula ndizi kumi na mbili kabla ya mechi, akakimbia zaidi ya wote. Kila mmoja alileta chake, kama watu wanaoleta kuni.

Yudita alitafuna mshikaki. Aliyasikia yote, na yote yalimpitia pembeni. Miaka yote hii aliposikia Kagabo anasifiwa, moyo wake ulikuwa ukiuliza, na sasa yuko wapi? Leo haukuuliza. Ulikaa tu, kama mguu uliokufa ganzi.

"Gasore yuko wapi?" akauliza.

"Yuko shifti, kwenye kiwanda, Tonawanda. Anatoka saa tisa."

"Atakuja?"

Birindwa akaangalia uwanja. "Alisema atakuja."

Saa tisa ikapita. Saa kumi, Yudita akasimama na kumwambia Polycarpe, "Nipeleke kwake. Mtu anayekimbia huwa anakimbilia nyumbani."

Wakamkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, bado na viatu vya kazi vyenye chuma mbele. Mtu mkubwa, mikono mipana. Hakuinuka. Hakushangaa pia.

"Umekuja," akasema.

"Hukupokea simu."

"Hii si ya simu, dada. Unajua."

"Ya msalaba je? Ya msalaba ndiyo inafaa?"

Gasore akainamisha kichwa. "Nilijua ukiona utakuja. Mimi nilishindwa kuja. Kwanza nilikuwa Rwanda, nyinyi Burundi. Halafu nikaletwa hapa, nikasikia wewe uko Louisville na mama yuko Columbus. Masaa matano mpaka kwa mama. Kila mwaka nasema, mwaka huu. Nikawekaka mpaka mafuta ndani ya gari. Siku moja nikafika Erie, njiani, nikageuka."

"Kwa hiyo umeniita na msalaba."

"Ndiyo."

Yudita akaketi kwenye ngazi, daraja moja chini ya Gasore.

"Uliona?"

"Niliona."

"Sema."

Akasema. Walikuwa vijana sita, wakipanda kwenda milimani. Siku ya tatu Kagabo alianza kuharisha, maji waliyokunywa yalikuwa mabaya. Wakambeba kwa zamu. Siku ya tano alisema wamlaze, mgongo unamuuma. Wakamlaza chini ya mwamba. Alikufa kabla jua halijapanda. Walichimba kwa vijiti na sahani ya bati, kaburi halikwenda chini sana, wakarundika mawe. Mmoja alijua zaburi, akaisoma mpaka alipoisahau. Kati ya wale watano, wawili ndio waliofika salama.

"Alisema kitu?" Yudita akauliza.

"Alisema anasikia baridi. Hakusema kitu kingine."

Yudita akangoja machozi. Hayakuja. Alichoona ni kwamba lori la taka limesimama mtaani, na kwamba mfuniko wa pipa la Gasore umepasuka.

"Utakuja kumwambia mama," akasema. Halikuwa swali.

"Dada..."

"Ulidaka penalti mbele ya watu elfu tatu. Mama yangu ni bibi mmoja. Vaa koti."

Jumapili walirudi Columbus, wakalala kwa mchungaji ili mama asiwaone. Jumatatu asubuhi, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, mama alipopata chai, Leya alituma ujumbe wa neno moja: ameshakunywa. Wakaenda. Gasore mbele, na koti la kuazima lililokataa kufunga vifungo, Polycarpe nyuma yake, Yudita mwisho.

Ingabire alifungua mlango mwenyewe. Akawaona wanaume wawili wenye makoti, asubuhi, bila kupiga simu, na binti yake aliyepaswa kuwa Louisville. Hakuuliza wanataka nini. Alirudi akakaa kwenye kochi, akanyoosha gauni lake magotini.

"Wewe ulikuwa golikipa," akamwambia Gasore.

"Ndiyo, Mama."

"Kaa. Sema polepole, sisikii vizuri sikio hili."

Gasore akapiga goti mbele yake upande wa sikio zuri, akasema yote, vilevile alivyosema kwenye ngazi, bila kuongeza wala kupunguza. Mama alisikiliza kama anapewa maelekezo ya njia. Gasore alipomaliza, mama akauliza, "Nani alimfumba macho?"

"Mimi."

"Na mawe, ni mengi?"

"Ni mengi, Mama. Mnyama hakuweza."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Ulichelewa, mwanangu." Akaweka mkono kichwani pa Gasore. Ni Gasore aliyelia, mtu mkubwa vile, mabega yakitikisika, na bibi akawa anambembeleza yeye.

Kilio kikaanza siku hiyohiyo. Mchungaji akaletwa. Wamama wa kanisa wakafika na sufuria, viti vikatolewa nje, magodoro yakatandikwa sebuleni wafiwa walale chini. Siku saba, kama inavyotakiwa, kwa maana kwao kilio huhesabiwa toka siku habari ilipofika mlangoni.

Jumanne Yudita alitoka nje kupiga simu kazini. Mwanamke wa ofisi alikuwa na sauti nzuri.

"Pole sana. Kwa ndugu wa damu tunatoa siku tatu. Nahitaji tarehe ya kifo na karatasi."

"Karatasi hakuna."

"Hata tangazo la mazishi?"

"Alishazikwa."

"Sawa. Alikufa lini?"

Yudita akaangalia magari kwenye maegesho. Angeweza kusema juzi. Nani angepanda mpaka kwenye mwamba ule kuhakikisha?

"Mwaka wa tisini na nane."

Yudita akasikia vidole vikigonga kompyuta, kisha vikaacha.

"Samahani, hatuwezi kutoa siku kwa kifo cha zamani hivyo. Usipokuja utapata pointi ya utoro kila siku, na zikijaa unafukuzwa."

"Nina ngapi sasa?"

"Huna hata moja. Huna kosa lolote hapa tangu uanze."

"Basi anza kuandika," Yudita akasema. "Nitakuja Jumatatu."

Akazima simu. Ndani walikuwa wameanza wimbo, mama yake akiongoza kwa sauti kavu isiyotetemeka. Yudita akavua viatu mlangoni, akaingia. Leya akasogea kidogo, na Yudita akajilaza kwenye godoro, ukutani, macho wazi.