Hereni za Mama Mkwe

Mama mkwe alinivisha hereni zile kwa mikono yake, siku ya harusi, mbele ya ndugu zake wote waliokuja nyumbani kwake Simbo. Zilikuwa ndefu, zinang'aa kama dhahabu, na alizinunua kwa mfanyabiashara aliyezileta kutoka Burundi. Mimi ni mgeni Kigoma. Nililetwa na kazi, afisa uvuvi kwenye mwalo wa samaki wa Katonga. Nilielewa kwamba zawadi ile ilikuwa njia yake ya kunipokea.

Baada ya wiki chache masikio yakaanza kuwasha. Yalivimba, yakatoa majimaji, kisha yakafanya magamba. Nikadhani ni uchafu wa mwaloni, vumbi na magamba ya samaki, migebuka, nikawa nasafisha kwa maji ya chumvi. Nilipozivua, yalipona. Nilipozivaa tena kwenda Simbo, hata jioni haikufika, yakaanza kuwasha upya. Kuna dada wa saluni alinishauri nizipake rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Ilisaidia mpaka ilipobanduka.

Nikaacha kuzivaa. Mara ya pili nilipokwenda Simbo bila hereni, mimi na mama mkwe tukiwa tunamenya mihogo, alinitazama masikio.

"Hereni zangu ndizo zinazokuwasha," aliuliza, "au ni mimi?"

"Ni hereni, mama."

"Haya," alisema, akaendelea kumenya. Alikuwa hajaniamini.

Nilikwenda hospitali mjini zaidi kwa sababu ya swali lile kuliko kwa sababu ya masikio. Daktari, mwanamke wa makamo, aliyaangalia kidogo tu, kisha akaniuliza kama huwa navaa jinzi. Nikasema ndiyo, kazini. Akaniomba nipandishe blauzi. Chini ya kitovu, pale kifungo cha chuma cha jinzi kinapogusa, palikuwa na baka jeusi lenye ngozi ngumu. Nilikuwa nalo muda mrefu. Sikuwahi kulihusisha na chochote.

"Ni aleji ya nikeli," alisema. "Ni madini yanayochanganywa kwenye mapambo ya bei nafuu, vifungo, mikanda, saa. Jasho linayatoa kidogo kidogo, ngozi inayakataa. Wengi huanzia kwenye kutoboa masikio."

"Itaisha?"

"Baka litaisha. Aleji utabaki nayo. Ukitaka hereni, tafuta za titani, au dhahabu ya karati nyingi. Dhahabu nyeupe iogope, mara nyingi ina nikeli ndani. Na kifungo hicho kishonee kitambaa kwa nyuma."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Simbo na mume wangu. Nilimwamkia mama, nikakaa, nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Nilimwonyesha na baka la tumboni ili asidhani natunga. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akamwambia mwanawe akachote maji, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.

Tulipobaki wawili alilegeza kanga, akavuta shingo ya gauni. Kifuani, chini kidogo ya koo, ngozi ilikuwa nyeusi na imekunjamana, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Hapa palikaa msalaba wangu wa chuma," alisema. "Nilipewa nilipopata kipaimara. Ukaniunguza mpaka nikatoa maji. Kanisani wakasema nina kitu ndani yangu kinachoukataa msalaba. Wakaniombea sana. Nikautoa, nikawa nauvaa juu ya nguo. Lakini usiku, nikisali, nauweka tena ndani, nione kama nimesamehewa."

Nilimuuliza kama mumewe, marehemu, alijua. Akatikisa kichwa.

"Daktari wako anasema ni madini tu?"

"Ni madini tu, mama."

"Si mimi?"

"Si wewe."

Alifunga kanga yake vizuri. Hakulia, na mimi sikumshika mkono. Hatukuwa na mazoea hayo. Mume wangu aliporudi na maji, mama alimwambia ayamimine kwenye miche ya nyanya.

Siku hizi anavaa msalaba wa mti, ameufunga kwa uzi mweusi. Baka lake la kifuani limebaki, ila limefifia. Hereni alizichukua akampa shemeji yangu, ambaye anazivaa kutwa nzima bila shida yoyote. Mimi nilitobolewa masikio nilipokuwa mtoto, na huenda aleji ilianzia hapo. Dada wa saluni bado ananishawishi nitoboe na pua.