Kikombe cha maji kwenye mlango wa Thobile

Saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa. Ekua Baidoo, msafishaji wa hosteli ya wanafunzi wa kigeni hapa Cape Coast, anatua ndoo, anajaza maji kikombe cha bati na kukiweka mbele ya chumba namba tisa. Chumba kimefungwa kwa kufuli. Hakuna anayekaa humo.

"Karibu maji, binti yangu," ananong'ona, kisha anaendelea kupiga deki.

Kikombe hicho cha kila Ijumaa kinakaribia kumpotezea kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa.

Mwaka jana msichana wa Norway, aliyewahi kuishi chumba namba kumi, alitoa riwaya ya mauaji. Wanafunzi wageni wanauawa mmoja mmoja, na kila anayefuata hukuta kikombe cha maji mlangoni. Muuaji ni msafishaji.

"Mlinzi wetu Kwabena ndiye aliyenisomea," anasema Ekua. "Nikamuuliza, huyu mwanamke ni mimi? Akasema, 'Anti, hata kilemba ni chako!'"

Sasa wanafunzi wapya wakimwona kwenye korido wanageuza njia. Thelathini na mmoja wametia saini aondolewe. Msimamizi, Bwana Essilfie, amempa hadi mwisho wa Oktoba: aache kikombe au aache kazi.

Ukweli wenyewe unauma. Thobile Mchunu, mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, alikufa kwa malaria chumbani humo, Ijumaa moja, miaka minne iliyopita. Mwili ulirudishwa kwao. Lakini hakuna ndugu aliyekuja na tawi la mti kuichukua roho yake pale alipofia na kuirudisha nyumbani, kama wafanyavyo watu wa kwao.

"Basi bado ni mgeni wangu," anasema Ekua. "Kwetu mgeni anapewa maji kwanza, ndipo aulizwe habari. Hata yule mwandishi nilimpa siku aliyofika. Akanywa yote! Mbona hakufa?"

Mimi na Ekua tumekaa kwenye korido saa nzima na hakuna aliyepita. Ekua anainua kikombe, ananionyesha. Kikavu kabisa.

"Leo alikuwa na kiu," anasema, na kukijaza tena.

Mama yake Thobile amepiga simu: anakuja Desemba, na tawi lake. Ekua hana mpango wa kuacha kikombe kabla ya hapo, wamfukuze wasimfukuze.

"Akifika nitampa maji kwa kikombe hikihiki," anasema. "Halafu nimwambie, 'Dada, mwanao yumo ndani. Hakushinda na kiu hata Ijumaa moja.'"